Tybalt, Mlinzi wa Uadui wa Verona

Tybalt ni mhusika wa Romeo and Juliet, tanzia ya William Shakespeare iliyoandikwa katikati ya miaka ya 1590 na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1597. Ni kijana wa upande wa Capulet, binamu yake Juliet, hodari wa upanga na mwepesi wa kuhamaki. Akiwa hai huonekana jukwaani katika maonyesho matatu tu, na maneno yake yote hayafiki mistari 40 katika tamthilia yenye mistari ipatayo 3,000. Hata hivyo, ukimwondoa yeye tanzia haipo. Mercutio, rafiki wa Romeo, hauawi, Romeo hafukuzwi Verona, na ndoa ya siri ya vijana wawili inabaki na nafasi ya kutangazwa siku moja kwa heri.

Wengi humweleza kwa sentensi moja: kijana mkorofi aliyeponzwa na hasira zake. Anayeishia kwenye methali ya hasira hasara hajakosea sana, ila ameliacha kando swali lenye uzito, nalo ni wapi hasira hiyo imetoka. Verona ya Shakespeare imejaa watu wenye hasira. Watumishi wana hasira, wazee wana hasira, Mercutio ana hasira, na mwishowe hata Romeo, mpole wa wapole, anaua watu wawili. Kinachomtenga Tybalt na hao wote ni kwamba yeye anaamini kwa dhati jambo ambalo wenzake wamebaki kulitamka kwa mazoea, yaani kwamba koo za Capulet na Montague ni maadui na uadui huo una masharti yake. Watu wa nyumba ya Capulet wameurithi ugomvi bila kuuhoji. Yeye ameurithi na kuufanyia kazi.

Shakespeare hakumbuni kutoka hewani. Kisa cha wapenzi wa Verona kilikuwa kimeshazunguka Italia na Ufaransa. Luigi da Porto alikiandika karibu na mwaka 1530, Matteo Bandello akakisimulia upya mwaka 1554, na mwaka 1562 Mwingereza Arthur Brooke akakitia katika shairi refu la masimulizi, ambalo ndilo chanzo kikuu cha tamthilia. Katika shairi la Brooke, Tybalt hana kazi kubwa. Anatokea wakati wa ghasia za mitaani, wiki nyingi baada ya wapenzi kuoana, anamshambulia Romeo aliyekuja kuamua ugomvi, na Romeo anamuua katika kujitetea. Mercutio hahusiki kabisa na ugomvi huo.

Shakespeare alikibana kisa cha miezi kikawa cha siku chache, kuanzia Jumapili hadi alfajiri ya Alhamisi. Kisha akamleta Tybalt mapema, katika ghasia za mwanzo kabisa, ili mtazamaji amjue kabla hajamhitaji. Akamwingiza katika karamu ambayo Romeo na Juliet wanakutana. Na akamfanya muuaji wa Mercutio, badiliko ambalo ni kubwa kuliko yote, kwa kuwa Romeo sasa hapigani kuokoa roho yake. Analipiza kisasi cha rafiki. Kwa Brooke, Romeo ana udhuru mbele ya sheria. Kwa Shakespeare hana, na anajua hana.

Kuna jambo la nasaba ambalo husomwa harakaharaka. Mke wa Capulet anapoiona maiti ya Tybalt, anamlilia kuwa ni mtoto wa kaka yake. Mama huyo, basi, ni shangazi yake, na mzee Capulet ni mume wa shangazi. Msomaji aliyekulia katika jamii inayotofautisha kuumeni na kukeni ataona uzito wa habari hii mara moja: mtetezi mkali kuliko wote wa jina la Capulet ameungana na nyumba hiyo kupitia kwa mke. Wazazi wake hawaonekani wala hatuambiwi habari zao. Si kazi ya mhakiki kumtungia mhusika utoto ambao mwandishi hakumpa, lakini haikatazwi kuona kwamba mtu wa pembeni mwa ukoo mara nyingi ndiye anayejitahidi zaidi kuonyesha kuwa ni wa ndani.

Onyesho la kwanza limepangwa kwa ngazi. Wanaoanza ni watumishi wa Capulet, wakitaniana kuhusu hasira na ushujaa wao, na hata kabla ya kupigana wanaulizana kwa hadhari sheria itakuwa upande wa nani. Benvolio, mpwa wa Montague, anachomoa upanga ili awatenganishe. Hapo ndipo Tybalt anaingia. Mistari yake ni mitano tu, na ndani yake anasema kwamba neno amani analichukia kama anavyoichukia jehanamu, na kama anavyowachukia akina Montague wote. Baada yake wanakuja raia na marungu, kisha Capulet mwenyewe akiwa na vazi la nyumbani, akidai aletewe upanga wake mrefu huku mkewe akimwambia kinachomfaa sasa ni mkongojo. Montague naye anashikwa na mkewe asiende. Picha hii ni ya kuchekesha, nayo inaeleza mengi. Wazee bado wanautaka ugomvi ila viungo vimegoma. Kijana ndiye mwenye viungo. Mtawala wa mji, Escalus, anafika na kutamka kwamba atakayevuruga tena amani atalipa kwa maisha yake, na tangu hapo upanga wowote unaochomolewa una hukumu ya kifo juu yake.

Watazamaji wa London wa wakati ule walikuwa na elimu yao ya kuieleza hasira ya namna hii. Ilikuwa elimu ya tiba iliyotoka kwa Hippocrates na Galen, ikapitia kwa matabibu wa Kiislamu kama Ibn Sina, na ambayo pwani ya Afrika Mashariki pia iliipokea kupitia tiba ya Waarabu: mwili unaendeshwa na majimaji manne, yaani damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Nyongo ya njano ilihesabiwa kuwa ya moto na kavu, ikistawi zaidi ujanani na majira ya kiangazi, na aliyezidiwa nayo huwaka kwa jambo dogo. Tamthilia inatokea katikati ya Julai. Mlezi wa Juliet anataja kwamba zimebaki wiki mbili na siku chache kufika sikukuu ya tarehe 1 Agosti. Muda mfupi kabla ya mauaji, Benvolio anamsihi Mercutio waondoke barabarani kwa sababu jua ni kali na siku kama hizo damu huchemka. Kwa mtazamaji wa wakati huo hilo lilikuwa onyo la kitabibu kabisa. Lakini ikumbukwe kwamba onyo anapewa Mercutio. Joto la Julai halikumchagua Tybalt peke yake.

Onyesho la karamu, la tano katika sehemu ya kwanza, ndilo linalostahili kusomwa polepole. Romeo ameingia nyumbani kwa Capulet akiwa amefunika uso kwa barakoa, kama wageni wengine wa sherehe. Anamwona Juliet kwa mara ya kwanza na kuanza kumsifu uzuri wake kwa sauti. Tybalt yuko karibu. Hauoni uso, ila anaisikia sauti, na kwa sauti hiyo anatambua kuwa aliyesimama pale ni Montague. Maneno ya kwanza ya Romeo ya mapenzi kwa Juliet, basi, ndiyo yanayomfichua kwa mtu atakayekuja kumtafuta ampige. Papo hapo Tybalt anamtuma mtumishi amletee upanga.

Capulet anamzuia. Anasema Romeo ana adabu, mji mzima unamsifu, na hata kwa utajiri wote wa Verona yeye hatakubali mgeni avunjiwe heshima nyumbani kwake. Tybalt anajibu kuwa ni aibu. Mzee anakasirika, anamwita kijana mfidhuli, anamuuliza nani mwenye nyumba, kisha katikati ya karipio anageuka kuwasifu wachezaji na kuwaagiza watumishi waongeze mwanga. Yaani anamwaibisha mtu mzima mbele ya wageni kwa nusu ya masikio yake, nusu nyingine iko kwenye ngoma. Tybalt anaeleza kwa mistari minne ya vina jinsi subira ya kulazimishwa inavyogongana na hasira ndani ya mwili wake hadi unatetemeka, na anaapa kwamba utamu wa usiku huu utageuka nyongo. Anatoka. Maneno yanayofuata moja kwa moja ni ya Romeo akimshika Juliet mkono, na wawili hao wanajibizana kwa mistari 14 inayokamilisha shairi la soneti. Kiapo cha chuki na shairi la mapenzi vimewekwa bega kwa bega, na vina vya kiapo vinapokelewa na vina vya soneti bila hata mstari mmoja kati yao.

Katika mzozo huu mwenye hoja ni nani? Ukarimu wa Capulet unapendeza, na msomaji yuko upande wake. Lakini ni mzee huyu huyu ambaye asubuhi ya siku hiyo alidai upanga. Nyumba imemfundisha kijana kwamba Montague ni adui wa kuuawa, na jioni nyumba hiyo hiyo inamcheka kwa kulichukulia somo hilo kwa uzito. Hakuna anayemwambia kuwa uadui umekwisha; anaambiwa tu asiharibu sherehe. Hapa Shakespeare amemwonyesha Capulet akiwa mpole na mzembe kwa wakati mmoja, na uzembe huo una bei kubwa kuliko hasira ya Tybalt.

Siku ya pili yake Tybalt anapeleka barua nyumbani kwa baba yake Romeo kumwita waje wapambane. Jambo hili halilingani na sura ya mtu anayelipuka ovyo. Kuandika barua ni utaratibu. London ya miaka hiyo ilikuwa imevamiwa na utaratibu huo kutoka Italia: Rocco Bonetti alikuwa na shule ya upanga mtaa wa Blackfriars, na mwaka 1595 Vincentio Saviolo alitoa kitabu cha mafunzo ambacho sehemu yake ya pili ilihusu heshima na namna ya kugombana kiungwana. Upanga mwembamba wa kuchoma ulikuwa unachukua nafasi ya upanga na ngao ya Kiingereza. Wazalendo walikereka, na mwaka 1599 George Silver alichapisha kitabu kizima cha kuwapinga walimu hao wa Kiitalia. Mercutio anapomdhihaki Tybalt kwa kumfananisha na paka, kwa kuwa katika hadithi za kale za mbweha Reynard paka ana jina la aina hiyo, na kwa kuiga majina ya mapigo ya Kiitalia, anasema kilichokuwa kikisemwa na Waingereza wengi kuhusu vijana wa mtindo mpya.

Mapambano hayo hayakuwa mchezo wa jukwaani tu. Mwaka 1589 mshairi Thomas Watson alimuua mtu katika ugomvi wa upanga uliomhusisha Christopher Marlowe, mwandishi mashuhuri wa tamthilia. Mwaka 1598 Ben Jonson, mtunzi wa tamthilia na rafiki wa Shakespeare, alimuua mwigizaji Gabriel Spencer na akaponea chupuchupu kunyongwa. Waliokuwa wakitazama Tybalt akichomoa upanga walijua kabisa maana yake.

Onyesho la kwanza la sehemu ya tatu ni la 12 kati ya maonyesho 24, na kwa hesabu hiyo Tybalt anakufa nusu ya njia. Anaingia akiwa amedhibiti ulimi. Anawasalimu Mercutio na Benvolio kwa adabu na kuomba neno na mmoja wao. Mercutio ndiye anayemchokoza, mara moja, mara mbili. Romeo anapotokea, Tybalt anaachana na Mercutio kwa kumtakia amani. Neno alilosema analichukia limemtoka mwenyewe, kwa kuwa kanuni za ugomvi wa kiungwana zinamtaka ashughulike na mtu mmoja tu.

Anamtukana Romeo kwa tusi linalodai jibu. Kwa kanuni za wakati ule, aliyetukanwa hivyo ama anamkanusha mtukanaji na kupigana, ama anakubali kudharauliwa. Romeo, aliyetoka kufunga ndoa saa moja hivi iliyopita, anafanya jambo la tatu ambalo kanuni hazikuliandaa: anasema anampenda Tybalt kwa sababu asizoweza kuzitaja, na kwamba jina la Capulet analithamini kama lake. Maneno hayo ni ya kweli tupu, na kwa masikio ya Tybalt ni dhihaka tupu. Romeo ni shemeji yake na hawezi kumwambia. Hakuna mahali pengine katika tamthilia ambapo siri inaua kwa uwazi kiasi hiki.

Mercutio, akiona rafiki yake amejidhalilisha, anachomoa upanga yeye. Tybalt anauliza anataka nini kwake, swali la mtu aliyeshangaa kuliko aliyekasirika. Wanapigana. Romeo anaingia katikati kuwaamua, na Tybalt anachoma kwa kupitisha upanga chini ya mkono wa Romeo. Toleo la 1597 limeweka maelekezo ya jukwaani yanayotaja kitendo hicho waziwazi, na kuongeza kwamba baada ya kuchoma anakimbia. Pigo hilo halina heshima, nalo limetoka kwa mtu ambaye kila alichofanya tangu asubuhi kilikuwa kwa utaratibu wa heshima. Kama lilikusudiwa au lilitokea katika purukushani, maandishi yanamwachia mwigizaji aamue.

Swali gumu ni kwa nini anarudi. Yuko salama, ametoroka, na anaijua hukumu ya Escalus. Benvolio anamwona akija tena akiwa na ghadhabu. Anayemsoma kama kichaa wa hasira hapati shida: hasira imemrudisha. Anayemsoma kama mlinzi wa kanuni ana jibu bora zaidi, kwamba shabaha yake ilikuwa Romeo na hajapambana naye, na mtu wa aina yake hawezi kuondoka akiwa amemuua mtu asiye wake kwa pigo la kuvizia. Jibu hili la pili linakubaliana na barua, na salamu, na amani aliyomtakia Mercutio. Romeo anamuua kwa mistari michache.

Ushahidi wa Benvolio mbele ya Escalus unastahili kutiliwa shaka kidogo. Anaeleza upole wa Romeo kwa urefu, anamtaja Tybalt kuwa kiziwi kwa amani, na anaruka jambo moja kwamba Mercutio ndiye aliyechomoa kwanza. Mke wa Capulet anapiga kelele kwamba shahidi ni ndugu wa Montague na anadanganya. Naye anazidisha, akidai watu wapatao 20 walimzunguka Tybalt, lakini kuhusu upendeleo wa shahidi hajakosea. Sifa mbaya ya Tybalt kwa vizazi vyote imetokana kwa sehemu na maneno ya rafiki wa waliompinga.

Baada ya kufa, kazi yake inaongezeka. Capulet, ambaye mwanzoni alimwambia Paris, bwana aliyekuja kumposa Juliet, angoje miaka miwili kabla ya kumwoa, sasa anaharakisha. Anauliza leo ni siku gani, anaambiwa Jumatatu, anasema Jumatano ni karibu mno, basi iwe Alhamisi, na sherehe iwe ya watu wachache watu wasije wakasema hawakumjali marehemu. Kisha hata Alhamisi haingojwi. Harusi inarudishwa nyuma hadi Jumatano. Msiba wa Tybalt ndio unaoisukuma ndoa hiyo, na ndoa hiyo ndiyo inayomsukuma Juliet kunywa dawa ya kumfanya aonekane amekufa. Machozi ya Juliet kwa Romeo yanafasiriwa na wazazi wake kuwa ni ya binamu. Mama yake Juliet, shangazi wa Tybalt, anapanga kumtuma mtu Mantua, alikokimbilia Romeo, akampe sumu. Juliet, akiwa na chupa mkononi, anamwona kwa fikra Tybalt akiinuka kaburini kumtafuta Romeo. Katika kuba la maziko, Romeo anamkuta amelala katika sanda yenye damu, anamwomba msamaha, na anamwita ndugu. Wakati akiwa hai hakuweza.

Msomaji wa Kiswahili aliyemzoea Shylock katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969, ataona tofauti ya kiufundi. Shylock amepewa nafasi ya kueleza dhuluma alizotendewa, na hapo ubaya wake unapata historia. Tybalt hana hotuba yoyote ya peke yake jukwaani, wala chanzo cha ugomvi wa koo mbili hakitajwi popote. Baadhi ya wahakiki huona huo ni upungufu wa mhusika. Hoja hiyo ni dhaifu. Chuki ya kurithi haina sababu ya kutoa, na Tybalt angepewa kisa chake binafsi, dai kubwa la tamthilia kuhusu Verona lingeanguka.

Katika sinema na muziki, waigizaji wamegawanyika. Basil Rathbone, aliyekuwa fundi wa upanga kwelikweli, alimcheza kwa ubaridi na majivuno katika filamu ya George Cukor ya 1936 na akateuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Tamthilia ya muziki West Side Story ya 1957 ilimfanya Bernardo, kaka wa msichana badala ya binamu, kiongozi wa vijana wa Puerto Rico mjini New York. Katika bale ya Sergei Prokofiev, iliyoonyeshwa kwanza Brno mwaka 1938, kifo chake ndicho kinachofunga sehemu ya pili kwa mapigo mazito ya okestra, uzito ambao tamthilia yenyewe haikumpa. John Leguizamo, katika filamu ya Baz Luhrmann ya 1996, ni mshika bastola mwenye madaha, na anamuua Mercutio kwa kipande cha kioo.

Michael York, katika filamu ya Franco Zeffirelli ya 1968, anapigana na Mercutio kama mzaha mbele ya kundi la vijana wanaoshangilia, na anapoona damu kwenye upanga wake anashtuka. Hapo filamu imemnyang'anya ukali fulani ambao maandishi yanao. Lakini imempa kitu ambacho maonyesho mengi hukisahau, kwamba Tybalt alikuja uwanjani kumtafuta mtu mmoja, akamuua mwingine, na akaelewa mara ile ile alichokifanya. Kwa upande huo, York ndiye aliye karibu zaidi na Tybalt wa Shakespeare kuliko wote waliotajwa hapa.